Wavukao mpaka kila siku waulizwe, na wapewe mrejesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa mbali laweza kuonekana ni la Wazungu peke yao, lakini linagusa maisha ya Waswahili wengi tunaoishi Ulaya, na linafika hadi kwenye visiwa vilivyo jirani na pwani yetu. Jambo lenyewe ni namna Umoja wa Ulaya unavyokusanya maoni ya wadau kuhusu mustakabali wa sera yake ya ushirikiano wa mikoa, hasa mikoa ya mipakani, baada ya mwaka 2027.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Ninaishi Kehl, mji mdogo wa Ujerumani ulio ukingoni mwa mto Rhine, na kila siku ya kazi huvuka daraja kwenda Strasbourg, upande wa Ufaransa, ambako nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Tangu Aprili 2017 tramu ya Strasbourg inavuka mto na kufika kwetu, na safari iliyokuwa ya kubadili magari imekuwa ya dakika chache. Asubuhi, ndani ya behewa, utasikia Kifaransa, Kijerumani, Kituruki na Kiarabu, na mara mojamoja Kiswahili cha Kongo, na watu hao wote wanashuka kwenda kufagia, kupika, kuuguza, kufundisha na kuuza madukani. Kwetu sisi ushirikiano wa mikoa maana yake ni tikiti moja inayokubaliwa pande zote mbili, cheti kinachotambulika ng'ambo ya mto, na mtoto anayepokewa chekechea mahali mzazi anapofanyia kazi.

Kwa msomaji asiyeifahamu sera hii, nieleze kwa ufupi. Mpango unaoitwa Interreg ulianza mwaka 1990, wakati nchi za Ulaya Magharibi zilipokuwa zikijiandaa kufungua soko la pamoja, na kulikuwa na hofu ya haki kwamba mikoa ya mpakani, ambayo kila serikali huiona kuwa ndiyo mwisho wa nchi, ingeachwa nyuma. Fedha zake hutolewa kwa miradi yenye washirika kutoka zaidi ya nchi moja: hospitali, vyuo, halmashauri, vikosi vya zimamoto, shule na vikundi vya mazingira. Katika kipindi hiki cha 2021 hadi 2027 zipo programu 86, na fedha zake ni karibu euro bilioni 10. Ushirikiano wenyewe ni mkongwe kuliko fedha hizo, kwani kule Gronau na Enschede, kwenye mpaka wa Ujerumani na Uholanzi, halmashauri zilianza kushirikiana tangu mwaka 1958, miaka 13 tu baada ya vita vilivyowafanya majirani hao kuwa maadui. Wala watu wanaoguswa si wachache. Kwa hesabu za Tume ya Ulaya yenyewe, chombo cha utendaji cha Umoja, mikoa iliyo kwenye mipaka ya ndani ya nchi kavu inachukua asilimia 40 ya eneo la Umoja, na inakaliwa na watu wapatao milioni 150.

Sasa kipindi hicho kinaelekea ukingoni. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya iliziomba programu za Interreg ziwaulize wadau na wananchi wa maeneo yao wanataka ushirikiano wa namna gani baadaye. Miezi ya mwanzo ya 2025 likafuata zoezi jingine la maoni, la bajeti nzima ya Umoja, na Julai mwaka huohuo Tume ikatoa pendekezo lake la bajeti ya 2028 hadi 2034, bajeti inayokaribia euro trilioni 2. Katika pendekezo hilo fedha za mikoa, za kilimo na nyingine kadhaa zinawekwa katika chungu kimoja, na kila nchi inapewa mpango wake wa kitaifa na kimkoa. Interreg imebakizwa peke yake, ikiwa na euro bilioni 10 na ushee. Nilifurahi kuona haikumezwa. Hata hivyo nina wasiwasi uleule ulioelezwa na Kamati ya Mikoa ya Ulaya, chombo cha mameya na viongozi wa mikoa, kwamba mpango ukishaandikwa makao makuu ya nchi, mikoa hugeuka kuwa waombaji, na mkoa ulio mbali zaidi na makao makuu hayo, ambao mara nyingi ndio wa mpakani, huwa wa mwisho kusikilizwa.

Kwa hiyo suala la nani aliulizwa, na aliulizwaje, si la pembeni hata kidogo.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa kutoa maoni katika vuli ya 2024. Sitataja mji wala walioandaa, kwa kuwa sina nia ya kumshitaki mtu. Walitukaribisha vizuri na walifanya kazi yao kwa bidii. Mkutano uliitishwa siku ya Jumatano saa nne asubuhi. Mimi niliweza kufika kwa sababu nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Tulikuwa kama watu sitini ukumbini, na mwendesha mkutano alipouliza ni nani kati yetu amewahi kusimamia mradi wa Interreg, mikono iliinuka karibu yote. Walikuwa maofisa wa halmashauri, wahadhiri wa vyuo, wataalamu wa kuandika maombi ya fedha na watu wa mashirika ya mazingira, watu wenye ujuzi na wenye nia njema. Walijadili viwango vya uchangiaji, mfumo wa kompyuta wa kupokea taarifa, na muda wa kurejeshewa fedha. Ni mambo ya kweli, na baadaye katika barua hii nitagusia mojawapo. Lakini kwa saa mbili nzima mpaka wenyewe haukutajwa kama kitu ambacho mtu huvuka kwa miguu yake.

Kisha akasimama mama mmoja wa makamo, mfanya usafi, aliyekaa nyuma karibu na mlango. Alisema anafanya kazi mbili: alfajiri anasafisha ofisi upande mmoja wa mpaka, na jioni anasafisha shule upande wa pili. Alipougua mgongo alikaa miezi bila malipo ya ugonjwa, kwa sababu ofisi ya huku ilimtaka alete karatasi kutoka kule, na ofisi ya kule ikamwambia karatasi hiyo haiwezi kutolewa mpaka ya huku itangulie. Alikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa barua hizo, akazipanga mezani moja baada ya nyingine, akizilainisha kwa kiganja, ili tuone tarehe. Alizungumza dakika tatu au nne. Mwandishi wa mkutano akachukua kadi ya rangi ya kijani, akaandika maneno mawili, "masuala ya kijamii", akaibandika ubaoni kati ya kadi nyingine, na mwendesha mkutano akamshukuru mama na kuendelea na aliyefuata.

Miezi kadhaa baadaye tulitumiwa muhtasari kwa barua pepe. Niliusoma wote nikitafuta zile karatasi za mama yule. Nilikuta sentensi moja kwamba washiriki waligusia pia umuhimu wa masuala ya kijamii. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyekusudia kumdharau. Lakini kitu pekee katika asubuhi ile ambacho kingeweza kumwonyesha mtunga sera mahali hasa sheria mbili zinapogongana, na mtu gani anabanwa katikati yake, kiliingia kwenye kadi na hakikutoka tena.

Neno "wadau" tumelizoea sana katika Kiswahili cha ofisini, hata limepoteza makali yake. Mdau ni mtu mwenye lake katika jambo. Anayesimamia mradi ana lake, nalo ni mradi uendelee. Anayevuka mpaka ana lake pia, na mara nyingi hajui kwamba kuna mradi. Zoezi la maoni likiwafikia wale wa kwanza peke yao, majibu yatakuwa sahihi na bado yatakuwa nusu, kwa sababu utakuwa umewauliza wanaopokea fedha kama fedha ziendelee kutolewa. Wahenga wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayelala kwenye kitanda hiki ni yule mfanya usafi, ni mwanafunzi wa ufundi anayesomea upande mmoja na kufanya mafunzo ya kazi upande wa pili, na ni mzazi ambaye mtoto wake anatibiwa ng'ambo.

Maswali yenyewe yanachangia. Dodoso nililojaza mtandaoni liliniuliza kama malengo mahususi ya programu yanafaa, na kama utawala wa ushirikiano uimarishwe kidogo, kiasi au sana. Mimi ninasoma lugha zote mbili za hapa, na bado nililazimika kurudia swali mara tatu. Mwulize mfanya usafi kuhusu malengo mahususi, hatakuwa na la kusema. Mwulize ni lini mara ya mwisho mpaka ulimpotezea siku ya kazi, au fedha, au usingizi, naye atakueleza hadi jioni, na katika maelezo yake mtaalamu wa sheria ataona ni kifungu gani cha nchi gani kinahitaji kurekebishwa.

Mpaka ulipofungwa ghafla tuliona wazi ni nani hasa wadau wa mpaka huu. Tarehe 16 Machi 2020, kwa sababu ya korona, Ujerumani iliweka udhibiti na kufunga njia nyingi za kuvukia. Tramu yetu ilisimama upande wa Ufaransa na haikuvuka tena. Daraja la watembea kwa miguu, lililojengwa kuunganisha bustani ya pande mbili za mto, lilifungwa. Sisi wenye kazi za lazima tuliruhusiwa kupita tukiwa na karatasi ya mwajiri, lakini nyuma yetu walibaki wajukuu wasioweza kumwona bibi aliye umbali wa kutembea, na wachumba waliozungumza wakiwa kila mmoja kwenye ukingo wake. Kule Konstanz na Kreuzlingen, kwenye mpaka wa Ujerumani na Uswisi, uzio uliwekwa katikati ya miji iliyozoea kuwa mmoja, na watu wakaenda kukaa kwenye nyasi, huyu upande huu na yule upande ule. Mpaka ulifunguliwa tena tarehe 15 Juni. Katika miezi ile mitatu mameya wa pande zote mbili walipigania watu wao kwa nguvu, na nawashukuru kwa hilo. Ila uamuzi ulikuwa umefanywa mbali, na watu ambao hawakuwa na mto huu mbele ya macho yao.

Na hata sasa jambo hilo halijaisha. Tangu tarehe 16 Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Ndiyo kusema kwamba katika vuli ileile ambayo tulikuwa tukiulizwa tunataka ushirikiano wa namna gani, polisi walikuwa wakipanda ndani ya behewa kuangalia vitambulisho, na sisi wenye ngozi nyeusi tulijua ni nani ataombwa kwanza. Hakuna dodoso nililoliona lililouliza kuhusu hilo.

Simaanishi kwamba kuuliza watu ni kazi bure. Kuna ushahidi kwamba maoni huzaa matunda, ingawa matunda hayo huchelewa. Mwishoni mwa mwaka 2015 Tume ya Ulaya iliendesha zoezi la miezi mitatu la kuuliza ni vikwazo gani vilivyobaki mipakani, na ikapata majibu zaidi ya 620. Kutokana na kazi hiyo, Septemba 2017 ilitoa waraka uliokiri kwamba sheria na taratibu zisizolingana ndizo kikwazo kikubwa, na kwamba kama asilimia 20 tu ya vikwazo hivyo ingeondolewa, pato la mikoa ya mpakani lingeongezeka kwa asilimia 2. Mwaka 2018 likaja pendekezo la sheria ya kuwezesha pande mbili kutatua vikwazo hivyo. Serikali za nchi wanachama zikalikwamisha. Bunge la Ulaya likalifufua. Tume ikalirekebisha mwishoni mwa 2023. Na mwaka 2025 likapitishwa kuwa kanuni, kwa jina la BRIDGEforEU. Inaruhusu nchi wanachama kuwa na ofisi ya uratibu ambayo mtu mwenye tatizo la mpakani anaweza kuipelekea faili lake, na likikubalika kuwa ni kikwazo cha kweli apate majibu ya nini kitafanyika. Nimefurahi sana kuiona. Lakini tangu swali kuulizwa hadi sheria kupita ni miaka 10, na nina hakika wengi kati ya wale 620 hawajui hadi leo kwamba jibu lao lilikuwa jiwe mojawapo la msingi wa nyumba hii, kwa kuwa hakuna aliyewarudia kuwaambia.

Hapo ndipo nilipokusudia kufika, Ndugu Mhariri. Upungufu mkubwa wa mazoezi haya ni mrejesho. Watu huulizwa, huchangia, hushukuriwa, kisha ukimya. Mwaka unaofuata wanaulizwa tena na waandaaji wanashangaa kwa nini waliokuja ni wachache kuliko mwanzo.

Ulaya yenyewe ina mfano wa kuigwa, tena uko mpakani. Mashariki mwa Ubelgiji, kwenye mipaka ya Ujerumani, Luxembourg na Uholanzi, ipo jamii ya watu wapatao 80,000 wanaozungumza Kijerumani, wenye bunge lao dogo katika mji wa Eupen. Tangu 2019 bunge hilo lina baraza la kudumu la raia 24, na baraza hilo huchagua mada na kuitisha mikutano ya raia wengine waliopatikana kwa kura ya bahati nasibu. Si wataalamu, si wawakilishi wa mashirika. Ni fundi, mstaafu, mwanafunzi na mama wa nyumbani. Mapendekezo yao yakifika bungeni, wabunge na waziri husika wanapaswa kuyajadili mbele yao, na wasipolikubali pendekezo wanapaswa kueleza sababu. Mada ya kwanza kabisa waliyoichagua ilikuwa huduma kwa wagonjwa na wazee, yaani kazi yangu mimi. Ningetamani kuona jambo hilo likifanyika hapa kwetu kwenye Rhine.

Na Umoja wa Ulaya mzima umewahi kujaribu. Katika Mkutano kuhusu Mustakabali wa Ulaya, uliofunguliwa na kufungwa hapa Strasbourg kati ya Mei 2021 na Mei 2022, raia 800 walichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka nchi zote wanachama na kugawanywa katika majopo manne, theluthi yao wakiwa vijana. Walipewa wakalimani, nauli na malazi, na wataalamu waliowaeleza mambo kwa lugha nyepesi kabla ya kuwataka maoni. Yalitoka mapendekezo 49. Kwa hiyo hoja kwamba watu wa kawaida hawawezi kujadili sera ngumu haina miguu. Wanaweza, wakipewa muda na heshima. Kinachotakiwa ni kuteremsha utaratibu huohuo hadi kwenye programu za mipakani, ambako mada ni ndogo zaidi na karibu zaidi, na kila mshiriki anaweza kuonyesha kwa kidole kinachozungumzwa.

Natambua hoja ya upande wa pili: kuuliza sana huchelewesha fedha. Ni hoja nzito, kwani kanuni za kipindi hiki zilipitishwa katikati ya 2021, wakati kipindi chenyewe kilikwisha kuanza, na programu nyingi ziliidhinishwa mwaka 2022, huku vikundi vidogo vikisubiri. Lakini ucheleweshaji ule ulitokana na mabishano ya bajeti kati ya serikali. Kumsikiliza mfanya usafi kungechukua jioni moja.

Nirudi kwenye lile suala la fedha nililoahidi. Interreg huchangia hadi asilimia 80 ya gharama za mradi, lakini kwa kawaida mshirika hutumia kwanza fedha zake, kisha huwasilisha stakabadhi na kurejeshewa baadaye. Kwa chuo kikuu hilo ni usumbufu. Kwa kikundi cha akina mama wanaotaka kuanzisha somo la lugha kwa wafanyakazi wanaovuka mpaka, ni ukuta, maana hawana akiba ya kutanguliza. Kanuni za 2021 ziliruhusu kila programu itenge hadi asilimia 20 ya fedha zake kwa mifuko ya miradi midogo yenye masharti mepesi, na hilo ni jambo jema ambalo halipaswi kupotea baada ya 2027. Ninaliomba kwa nguvu. Ningeongeza kwamba mifuko hiyo itoe sehemu ya fedha mwanzoni, kwa sababu wale wasio na fedha za kutanguliza ndio haohao wasioonekana kwenye mikutano ya saa nne asubuhi.

Kuna mahali watu walisikilizwa na wakapata kitu kikubwa, na bado mafunzo yakaendelea kuja baada ya ujenzi. Katika milima ya Pyrenees, katika mji wa Puigcerdà upande wa Hispania, tangu Septemba 2014 ipo hospitali ya pamoja inayohudumia Wahispania na Wafaransa wa bonde la Cerdanya, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Kabla yake Mfaransa wa huko alilazimika kwenda hadi Perpignan, mwendo wa kama kilomita 100 za barabara ya milimani, hata wakati wa theluji. Hospitali ilipofunguliwa yakajitokeza maswali mengine: mtoto wa Kifaransa aliyezaliwa upande wa Hispania asajiliwe vipi, na marehemu aliyefia hospitalini asafirishwe kwa taratibu zipi kurudi kijijini kwake, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa dakika chache. Mambo hayo mkunga na mwosha maiti huyawaza mapema kuliko mpanga mipango. Ndiyo maana nasema waulizwe mapema.

Nilisema jambo hili linafika karibu na pwani yetu. Mayotte, kisiwa kilichomo katika safu ya Komoro, ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011 na sehemu ya Umoja wa Ulaya tangu Januari 2014, na Kishimaore kinachozungumzwa huko ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Mswahili akisikiliza kwa makini atashika mengi. Interreg ina fedha za kushirikiana kati ya kisiwa hicho na majirani zake, ikiwemo Komoro na Madagaska. Ni ushirikiano mgumu kuliko wetu wa Rhine, kwa kuwa Komoro haijawahi kukubali kwamba Mayotte ni ya Ufaransa, na tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda kumwona ndugu yake, na wengi wamezama baharini wakijaribu kuvuka bila viza hiyo. Kukusanya maoni kuhusu ushirikiano huo kwa Kifaransa cha ofisini, bila kuwauliza kwa lugha yao wavuvi, wauguzi na wafanyabiashara wa visiwa vyote vinne, ni kuandika sera ya bahari bila kumwuliza nahodha.

Wala sisi Waafrika Mashariki si wageni katika somo hili. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja katika utangulizi wake sababu zilizoivunja Jumuiya ya kwanza mwaka 1977, na mojawapo ni ushiriki mdogo wa sekta binafsi na asasi za kiraia. Na serikali zetu zilipoamua mwaka 2006 na 2007 kuwauliza wananchi kama shirikisho la kisiasa liharakishwe, Watanzania wengi walisema hapana, na wakuu wa nchi walipokutana Arusha Agosti 2007 walikubali kwenda hatua kwa hatua. Unaweza kulipenda jibu lile au usilipende, lakini swali liliulizwa, likajibiwa, na mwananchi aliona kwa macho yake jibu lake lilikoishia. Nimewahi kuwasimulia wenzangu wa kazini kisa hicho, Wafaransa kwa Wajerumani, na hawakutarajia kisa cha namna hiyo kutoka kwetu.

Mazungumzo ya bajeti na ya kanuni mpya kati ya Bunge la Ulaya na serikali za nchi wanachama yana safari, na bajeti haipiti mpaka nchi zote zikubaliane. Nafasi ipo ya kuingiza katika kanuni hizo masharti mawili yasiyo na gharama kubwa: kwamba kila programu ya mpakani iwe na mkutano wa wakazi waliopatikana kwa bahati nasibu, wakiwemo wafanyakazi wanaovuka mpaka hata kama si raia wa nchi wanachama, wakikutana jioni au mwisho wa juma na kulipwa nauli, na kwamba kila aliyetoa maoni, ndani ya muda uliotajwa, ajibiwe kwa maandishi kwamba pendekezo lake limekubaliwa, au limekataliwa na kwa nini, au limepelekwa wapi. Nawaomba wasomaji wako walioko Ulaya, hasa ndugu zangu wa Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Ujerumani wanaoishi karibu na mipaka, wawaandikie wabunge wao wa Ulaya kuhusu haya. Barua inaweza kuandikwa kwa lugha yoyote rasmi ya Umoja, na si lazima iwe ndefu.

Mimi nimekwisha kuandika yangu. Nilimtafuta pia yule mama mfanya usafi. Tulikutana Jumapili moja baada ya ibada, nikamsaidia kuipanga habari yake kwa tarehe, karatasi baada ya karatasi. Imetoka kurasa nne. Ameisaini, tumeitafsiri kwa Kifaransa na Kijerumani, na wiki iliyopita tumeituma kwa ofisi zote mbili na kwa mbunge wa eneo letu.

Wako msomaji,
Mwanatanga,
Kehl, Ujerumani